Jinsi Komeo Alivyoanguka

Jina lake la kwenye kitambulisho walilijua wachache. Mji mzima ulimwita Herufi, kwa sababu karibu kila duka lenye maandishi juu ya mlango lilikuwa limepitiwa na brashi yake: duka la dawa, kinyozi, muuza magodoro, wakala wa bima, hata yule fundi majeneza wa karibu na hospitali, aliyetaka herufi zenye mapambo na Herufi akamshauri atulie, kwamba wateja wake hawaji kwa ajili ya mapambo. Vijana wa siku hizi walichapisha mabango kwa mashine, lakini wenye maduka wa zamani walisema maandishi ya mashine hayana uso, wakaendelea kumwita. Kazi yake ilikuwa ya ngazini. Mguu mmoja kwenye kipago, kopo la rangi linaning'inia kwenye ndoano, mkono wa kushoto umeshika ukuta, wa kulia unachora. Hakuwahi kuogopa kuwa juu.

Aliyemfundisha kuogopa ni kaka yake, na alimfundisha kwa kufa.

Kaka mtu alimzidi miaka michache tu. Alikuwa mzima, mcheshi, mtu asiyejua hata mlango wa zahanati unafungukia upande gani. Siku moja alikuwa anapandisha mtungi wa gesi ghorofani kwake. Alipofika kwenye kona ya ngazi akautua taratibu, akaukalia kama mtu anayetaka kuvuta pumzi, kisha akaporomoka. Mke wake alitoka kuangalia ni kelele gani ile ya chuma kinachobingirika, akakuta mwenzake keshakwenda. Watu walisema ni kazi nyingi. Wengine walisema ni mawazo. Herufi alizika, akapokea pole, akarudi kwenye ngazi zake, na tangu hapo kila alipopanda alijikuta anasikiliza kifua chake kama dereva anayesikiliza injini ya gari la kuazima.

Huenda woga ule ungepoa wenyewe. Lakini kabla machozi hayajakauka, kitinda mimba wa Herufi mwenyewe, binti aliyekuwa ameanza chuo na mcheza mpira wa kikapu tangu sekondari, alianguka uwanjani katikati ya mazoezi. Alizinduka mwenyewe, akacheka, akasema hakula asubuhi. Kocha naye akasema ni njaa. Mama yake akamfokea kwa kukonda makusudi, na habari ikaishia hapo kwa kila mtu isipokuwa Herufi. Binti akichelewa bafuni, Herufi yuko mlangoni anagonga. Akipanda ngazi za nyumba kwa mbio, Herufi anafoka, halafu hajui aseme anafokea nini.

Mwisho akamburuta hadi hospitali ya mji. Daktari alikuwa mama wa makamo, miwani yake imefungwa kamba shingoni, asiyekuwa na haraka. Alimsikiliza binti kifua akiwa amesimama, akamchuchumalisha, akamsimamisha tena, akasikiliza tena. Kisha akamgeukia baba mtu.

"Katika ukoo wenu kuna mtu aliyefariki ghafla kabla ya uzee?"

Herufi akaeleza habari za kaka yake.

"Pole sana. Na baba yako?"

"Baba alianguka na baiskeli kwenye mteremko. Mimi nilikuwa shule ya msingi."

"Aligongwa?"

"Hapana. Alianguka tu."

"Iliyoanza kuanguka ni baiskeli, au ni yeye?"

Katika maisha yake yote Herufi hakuwahi kulisikia swali lile likiulizwa.

"Na babu, baba wa baba?"

"Alikufa kijana. Nyumbani wanasema alilishwa sumu."

Daktari akaweka kalamu chini. "Baba, nisikilize. Kipimo ninachokitaka hakipo hapa, kiko hospitali kuu, na foleni yake ni ndefu. Nikiandika kwamba binti kazimia mazoezini, watamweka nyuma kabisa. Nikiandika kwamba kwenye ukoo mmoja vijana wanaanguka na kufa, kizazi baada ya kizazi, ataitwa upesi, na wewe utaitwa naye. Lakini siwezi kuandika sumu na baiskeli. Kaulize kwa mtu anayejua. Na wewe dada, mpaka nikwambie, usikimbie. Hata mvua ikinyesha, tembea."

Binti alinuna njia nzima. Herufi alikuwa anahesabu wafu wake kimoyomoyo, na kwa mara ya kwanza aliona jambo la ajabu: kila mmoja wao alikuwa amepewa sababu yake. Babu, sumu. Baba, baiskeli. Kaka, kazi nyingi. Hakuna aliyewahi kuwapanga mstari mmoja akawatazama.

Mtu aliyejua alikuwa mmoja tu. Shangazi yake, dada wa baba, ndiye mzee pekee aliyebaki, na aliishi chumba cha uani katika nyumba ya kupanga, akifuma vitambaa vya mezani kwa sindano ndefu ya ndoano. Babu alipofariki, shangazi alikuwa kasichana kanakojua kusoma, na baba yake Herufi bado ananyonya.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Mbona umekuja mchana? Nani kafa?"

"Hajafa mtu. Nimekuja kukuuliza habari za babu."

Sindano ikasimama. "Habari zipi?"

"Alivyofariki."

"Si unajua? Reli alimlisha sumu."

"Alimlisha nini? Wapi? Aliumwa kwanza au alikata roho palepale?"

"Unataka kufukua watu?"

"Ni kwa ajili ya mtoto, shangazi. Daktari anasema..."

"Daktari alikuwepo?" Shangazi akavuta uzi mpaka ukakatika. "Ukiwa na maneno hayo usije tena hapa. Nifungie mlango, upepo unaingia."

Hakukuwa na upepo wowote. Herufi akafunga mlango, akaondoka.

Alichokijua yeye ni kile alichokinyonya pamoja na maziwa. Babu alikuwa mlinda mlango wa timu ya kiwanda cha matofali, na watu walimwita Komeo, kwa kuwa golini kwake hakipiti kitu. Rafiki yake wa kufa na kuzikana alikuwa beki wa timu hiyohiyo, aliyeitwa Reli kwa kukimbia moja kwa moja bila kukwepa mtu. Siku moja Reli akamwonea wivu mwenzake, akamtilia kitu kwenye maji, na Komeo akafa. Basi. Tangu hapo watu wa kwa Komeo hawakusalimiana na watu wa kwa Reli. Herufi alilelewa akijua kwamba mtaa wa nyuma ya soko haupitwi. Hata kazi aliikataa: mjukuu wa Reli alipofungua duka la vioo na kumtaka amwandikie jina, Herufi alisema rangi imekwisha, huku makopo yamejaa miguuni pake.

Mkewe, ambaye alikuwa karani wa shule na hakuwa na subira na uchungu wa watu usio na tarehe, ndiye aliyesema neno la maana. "Kama alikuwa mchezaji, magazeti yaliandika. Nenda maktaba."

"Maktaba mimi nitaanzia wapi?"

"Kwani si wewe uliyewaandikia lile bango la KIMYA TAFADHALI?"

Ni kweli, bango lilikuwa la kwake. Lakini alilichora akiwa ngazini kwenye ukumbi wa kuingilia, akalipwa, akaenda zake. Ndani hakuwahi kufika.

Chumba cha kumbukumbu za mji kilikuwa mwisho wa korido, nyuma ya rafu za vitabu vya watoto. Kilikuwa na meza moja pana, taa ya shingo ndefu, makabati ya chuma, na harufu ya karatasi zilizokaa sana bila hewa. Mkutubi alikuwa mwanamume mfupi mwenye kizibao, anayeongea kama yuko kando ya kitanda cha mgonjwa. Kabla hata ya kuuliza shida, alisema, "Naomba nione mikono."

Herufi akaionyesha. Ilikuwa na buluu kwenye vidole na nyekundu kwenye kucha.

"Kuna sabuni hapo nje."

Herufi akaenda, akasugua, akarudi. Mkutubi akaikagua upya kama mama anayekagua mtoto kabla ya chakula. "Bado."

"Hii haitoki, ndugu yangu. Hii ni ya mwaka jana."

Mkutubi akafikiri. "Basi mimi nitafunua, wewe utasoma. Haya, tunamtafuta nani?"

Herufi akamweleza, lakini kwa kukata kona. Alisema anatafuta historia ya babu yake mchezaji. Hakutaja sumu, hakumtaja binti. Mwaka hakuujua. Mkutubi akamuuliza baba yake alizaliwa lini, na kwa kuwa babu alifariki baba akiwa mtoto wa kunyonya, wakapata pa kuanzia. Magazeti ya mji ya miaka ile yalikuwa yamejalidiwa katika majuzuu makubwa kama milango ya kabati. Hayakuwa na faharasa. Mtu hufunua ukurasa baada ya ukurasa. "Lakini tuanze na picha," mkutubi akasema. "Picha hazichoshi."

Akatoa sanduku la picha za michezo. Timu ya posta, timu ya magereza, wasichana wa mpira wa pete wamekaza nyuso. Halafu akaweka mezani picha ya wanaume waliojipanga safu mbili mbele ya tanuri la matofali.

Herufi hakuhitaji kuonyeshwa. Yule mwenye kofia na fulana nzito ya mikono mirefu, aliyeushika mpira kwa kiganja kimoja kama chungwa, alikuwa kaka yake. Paji lile, masikio yale, hata ule mdomo unaotaka kucheka mahali pa kunyamaza. Na chini ya kofia, ukitazama vizuri, macho yalikuwa ya kitinda mimba.

Mkutubi akaigeuza picha kwa ncha za vidole. Nyuma yake kulikuwa na majina ya wachezaji, na chini yake mstari mmoja: imetolewa na familia ya Reli.

"Binti yake ndiye aliyetuletea," mkutubi akasema. "Mwalimu mstaafu. Unamfahamu?"

"Hapana," Herufi akasema, na ilikuwa karibu kweli.

Alirudi mara nyingi baada ya hapo. Alikuwa akishuka ngazini mapema, akisugua mikono kwa mafuta ya taa na sabuni, akikaa kwenye ile meza mpaka maktaba ifungwe. Mkutubi alifunua, yeye akasoma: bei za mahindi, ajali, matokeo ya mitihani, matangazo ya tembe za nguvu. Simu yake aliiweka juu ya goti, kwa sababu mezani ilikatazwa, na kila ilipotetemeka roho yake ilitoka ikarudi. Siku moja ilikuwa ni mkewe: binti kaonekana uwanjani na mpira mkononi. Herufi akaacha juzuu wazi, akakimbia mtaa mzima, huku akijua kwamba kukimbia nako si salama kwake. Akamkuta binti amesimama chini ya kikapu.

"Nilikuwa narusha tu, baba. Nimesimama. Kusimama nako ni dhambi?"

Alikuwa anatweta yeye, si binti. Watu wakawatazama. Alitaka kumwambia neno la busara, akaambulia kusema, "Twende nyumbani."

Habari yenyewe waliipata walipokuwa karibu kukata tamaa, katika juzuu la mwaka uliofuata. Ilikuwa fupi, imebanwa kati ya matokeo ya mechi mbili. Mkutubi akainamisha taa, Herufi akasoma kwa sauti ya chini:

"Mlinda mlango wa timu ya kiwanda cha matofali, maarufu kwa jina la Komeo, alipelekewa maji katika kipindi cha pili, akanywa, na punde si punde akaanguka golini kwake. Alifikishwa hospitali akiwa ameshafariki. Mchezo uliahirishwa."

Herufi akarudia kusoma. Alipelekewa maji. Akanywa. Akaanguka. Kwa hiyo waliyokuwa wakisema nyumbani yalikuwa kweli tupu.

Na hapo likamtokea jambo ambalo baadaye alimwambia mkewe peke yake, akiwa anaangalia sakafu. Alifurahi. Mabega yake yakashuka, kwa kuwa kama babu aliuawa na mtu, basi damu haina hatia. Sumu ilikwisha pale pale golini, haikurithiwa. Baba alianguka kwa baiskeli, kaka alichoka, na binti hakula asubuhi. Adui alikuwa mmoja, tena alikwisha kufa. Herufi alijikuta anaombea iwe sumu.

"Umepata ulichokitaka?" mkutubi akauliza.

"Nimepata."

"Mbona unatabasamu?"

Ndipo Herufi akamweleza yote, kuanzia mtungi wa gesi. Alipomaliza, mkutubi akavuta juzuu karibu, akaisoma ile habari mwenyewe.

"Mwandishi wa gazeti alikaa jukwaani," akasema. "Ameandika alichokiona kutoka jukwaani. Mimi sisemi ilikuwa sumu au haikuwa. Nasema kuna watu waliokuwa ndani ya uwanja, na mmoja ana binti ambaye yuko hai, na nyumba yake ni nyuma ya soko. Na wewe una mtoto anayesubiri foleni."

Herufi hakulala vizuri siku zile. Akiwa juu ya ngazi, akiandika jina la duka la viatu, aliruka herufi nzima katikati ya neno, jambo ambalo halijawahi kumpata tangu ujana. Mwenye duka akacheka. Herufi akashuka, akakaa kwenye kipago cha chini, akakiri moyoni mwake kwamba anaogopa kwenda nyuma ya soko si kwa sababu ya uadui. Anaogopa kwa sababu huenda Reli hana kosa.

Akapiga moyo konde, akaenda.

Mwalimu mstaafu alikuwa anapanga vitabu vya wajukuu barazani. Alimtazama Herufi, akasema, "Wewe ni wa kwa Komeo. Uso huo naujua, nimekaa nao ukutani miaka mingi kabla ya kuupeleka maktaba. Karibu ukae."

Herufi akaketi kwenye ukingo wa kiti. Mwalimu akaingia ndani, akarudi na glasi ya maji kwenye sahani, akaitua mbele yake. Ulikuwa ukarimu wa kawaida, ambao hufanywa na kila mtu kwa kila mgeni. Lakini Herufi aliikodolea macho ile glasi, na mkono wake haukuinuka. Kiu alikuwa nayo.

Mwalimu akaona. Hakukasirika. Akaichukua glasi, akanywa nusu, akairudisha mezani.

"Baba yangu naye alikunywa kwanza," akasema.

Herufi akainua macho kutoka kwenye glasi.

"Kikombe kilikuwa chake. Alikuwa karibu na mstari, mpira umetoka, akapewa maji akanywa. Akageuka akamwona mwenzake kashikilia mwamba wa goli, midomo imekuwa ya kijivu. Baba akamwita mtoto aliyekuwa amekaa nyuma ya goli, akamwambia, mpelekee Komeo haya yaliyobaki. Alinisimulia mwenyewe akiwa mzee, amelala kwenye chumba hicho hapo."

"Kwa nini hakusema zamani?"

"Kwa sababu aliapa." Mwalimu akavuta kiti karibu. "Babu yako alikuwa ameshaanguka kabla. Mazoezini, tena si mara moja. Aliwahi kuanguka nyuma ya tanuri wakiwa wawili tu. Akamwapisha baba asimwambie kocha wala mkewe, maana wachezaji walikuwa wanapewa kazi nyepesi pale kiwandani, na mtu akitolewa timu anarudi kubeba udongo. Baba akanyamaza. Siku ya mazishi akaenda kumzika mwenzake, wakamfukuza makaburini kama mbwa. Angesema nini? Nani angemwamini? Alijilaumu mpaka anakufa, lakini si kwa maji. Alijilaumu kwa kunyamaza."

Herufi akaichukua glasi, akanywa iliyobaki. Maji yalikuwa ya uvuguvugu. Hofu aliyokuwa ameiweka kando kwa siku kadhaa ilimrudia yote kwa mpigo, ikamkaa kifuani.

"Huyo mtoto wa nyuma ya goli," akauliza, "alikuwa nani?"

Mwalimu akamshangaa. "Kwani hujui? Alikuwa binti yake. Shangazi yako."

Alitembea kwa miguu mpaka kwa shangazi. Hakugonga. Akafungua mlango, akaketi kwenye mkeka, chini kabisa, kama alivyokuwa akiketi akiwa mtoto, akasema yote mfululizo kabla hajafukuzwa: gazeti, picha, mwalimu, tanuri, kiapo. Shangazi aliendelea kufuma. Alipofika kwenye kikombe, kwamba Reli alikunywa kwanza ndipo akampa yeye akibebe, sindano ikaanguka.

"Nani kakwambia nilikibeba mimi?"

"Mwalimu."

Shangazi akautazama mkono wake wa kulia kana kwamba umewekwa pale na mtu mwingine. Herufi akaogopa kwamba ameua mzee wa watu.

"Kilikuwa nusu," hatimaye akasema.

"Nini, shangazi?"

"Kikombe. Nilikimbia nacho, na nilipofika kwa baba kilikuwa nusu. Nikadhani nimeyamwaga njiani. Nikamwambia, baba usinigombeze, yamemwagika. Hakunigombeza. Alinishika kichwa, akanywa." Akaufumbata mkono ule. "Sikuyamwaga. Kumbe sikuyamwaga. Reli alikuwa ameyanywa kwanza."

"Ndiyo, shangazi."

"Mimi nilijua ni mkono huu. Wao wote walisema Reli, Reli, na mimi nikasema Reli kwa sauti kubwa kuliko wao, lakini nilijua kikombe alikipokea kutoka mkono huu." Akalia, mzee yule, kwa mdomo wazi, bila kujifunika uso. Herufi akamshika miguu kwa kuwa ndiyo iliyokuwa karibu.

Alipotulia, akajipangusa kwa kitambaa alichokuwa anakifuma. Akasema, bila kuulizwa, "Na baba yako. Kabla ya siku ya baiskeli, alikuwa akifika pale mlimani anashuka, anaikokota. Alisema kifua kinambana. Mimi nilimcheka. Nikamwambia ni uvivu. Kamwambie daktari wako."

Daktari aliandika. Aliandika ukurasa mzima, akauliza jina la gazeti, akaandika na hilo. Hawakukaa sana kabla ya kuitwa.

Chumba cha kipimo kilikuwa na giza na baridi. Herufi alilazwa kwanza, kwa ubavu, akapakwa utelezi kifuani, na kijana wa mashine akamkandamiza kifaa huku akitazama kioo. Kilichomtisha Herufi si mashine. Ni kwamba yule kijana alikuwa anapiga soga alipoanza, na katikati akaacha. Kisha akalazwa binti, na kijana hakupiga soga tangu mwanzo.

Msuli wa moyo ulikuwa mnene kupita kiasi, kwa wote wawili. Kwa Herufi kidogo, kwa binti zaidi. Mtaalamu wa moyo aliwachorea kwenye karatasi chumba ambacho kuta zake zinanenepa kwenda ndani, mpaka damu inakosa nafasi, na wakati mwingine mapigo yanavurugika na mtu anaanguka. Kuna vidonge, akasema, vya kila siku. Kuna kuangaliwa mara kwa mara, na huko mbele ikibidi kuna kifaa cha kuwekwa kifuani. Watu wanaishi na ugonjwa huu mpaka wanazeeka. Mashindano, basi. Ngazi, kama lazima, basi mtu awepo chini.

"Kwa hiyo tusingejua ningekuwa nacheza," binti akasema.

"Ungekuwa unacheza," mtaalamu akajibu.

"Mpaka lini?"

Binti akainamia viatu vyake vya michezo, ambavyo alikuwa amevivaa kwa makusudi.

Herufi alimeza vidonge vyake kwa utiifu wa mtoto wa shule. Kazi za juu sana alianza kumwachia fundi mwenzake wa zamani, wakagawana malipo. Duka la vioo la mjukuu wa Reli aliliandika mwenyewe, bango likiwa limelazwa chini, na walipobishana juu ya bei kila mmoja alitaka mwenzake apate zaidi, mpaka mke wa Herufi akaingilia kati. Shangazi alikataa kupimwa. "Moyo wangu umefika huku bila msaada wenu," akasema, "msiusumbue." Lakini alikubali kupelekwa nyuma ya soko. Alisimama nje ya baraza ya mwalimu kwa muda mrefu, amemng'ang'ania Herufi mkono, na mwalimu akatoka, akasimama naye palepale nje mpaka jua likawachosha wakaingia.

Binti hakumsamehe mtu kwa miezi kadhaa. Aliitoa jezi akampa mchezaji mwingine, akaacha kwenda hata kutazama.

Aliyebaki alikuwa kifungua mimba wa Herufi, kaka wa binti, aliyefanya kazi mji mwingine. Naye alitakiwa apimwe. Siku ya majibu yake Herufi hakwenda kazini. Alikaa kwenye benchi la nje ya nyumba, simu mkononi, akaitazama kama mtu anayechunga sufuria ya maziwa. Ilipolia aliiacha ilie. Ikakatika, ikalia tena, na ni mkewe aliyempigia kelele kutoka ndani: "Pokea basi!"

"Baba, mimi safi," sauti ya mwanawe ikasema. "Wamesema moyo hauna kitu. Safi kabisa. Baba? Unanisikia?"

"Nakusikia. Nashukuru, mwanangu. Nakusikia."

Alipokata simu alimwona binti amesimama mlangoni, ameegemea fremu, mikono kifuani. Alikuwa amesikia.

"Yeye safi," akasema. "Kwa nini mimi?"

Herufi akasogea mwisho wa benchi akaacha nafasi, na baada ya muda binti akaja akakaa.